Programu Huria Zihifadhiwe Wapi?

Programu ya kompyuta huitwa huria iwapo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta iyatekeleze, umewekwa wazi ili watu wote waweze kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kazi ya namna hii hufanywa na watu waliotawanyika katika nchi mbalimbali, ambao aghalabu hawajapata kuonana. Kwa hiyo hapana budi pawepo mahali pamoja pa kuuweka msimbo, pa kupokea taarifa za hitilafu, na pa kujadili marekebisho kabla hayajakubaliwa. Mahali hapo ndipo paitwapo ghala la msimbo. Waanzilishi wengi wa miradi hulichagua ghala kwa kutazama tu walikokwenda wenzao. Desturi hiyo yafaa ichunguzwe upya, kwani historia ya maghala haya, ijapokuwa ni fupi, imejaa mafunzo.

Ghala la SourceForge lilifunguliwa mwaka 1999, na kwa miaka kadhaa ndilo lililokusanya miradi mingi. Mwaka 2006 kampuni ya Google ilifungua lake, lililoitwa Google Code. Mnamo Machi 2015 kampuni hiyo ilitangaza kwamba italifunga. Agosti mwaka huo likawa la kusomwa tu, na Januari 2016 huduma zake zikakoma. Ghala la GitHub, lililoanza mwaka 2008, lilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5 za Marekani. Mwaka 2020 ghala la Bitbucket liliacha kuuhudumia mfumo wa Mercurial, na wenye miradi iliyoutumia wakalazimika kuhama. Katika matukio yote hayo, walioandika programu hawakuwa na kauli katika uamuzi uliowagusa.

Siasa za mataifa nazo zina sehemu yake. Julai 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, watumiaji wa GitHub waliokuwa Iran, Syria na Crimea walizuiwa baadhi ya huduma, zikiwemo za miradi ya faragha. Watumiaji wa Iran walirudishiwa huduma hizo Januari 2021, baada ya kampuni kupata kibali cha serikali ya Marekani. Miradi ya wazi haikufungwa; hata hivyo ilidhihirika kwamba mwenye ghala hutii sheria za nchi yake, si za mwenye msimbo.

Huenda msomaji akauliza: je, si kweli kwamba mfumo wa Git humwezesha kila mtu kuwa na nakala yake? Ni kweli. Git ilibuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na kila anayenakili mradi kwa kawaida hupata msimbo wote pamoja na historia ya mabadiliko yake. Ghala likifungwa leo, msimbo waweza kupelekwa kwingine kesho. Lakini mradi si msimbo peke yake. Taarifa za hitilafu, hoja za kukubali au kukataa marekebisho, na sababu za maamuzi, kwa kawaida hazimo ndani ya Git. Hizo hukaa katika kumbukumbu za ghala lenyewe. Mfano wake ni kijiji kinachohama na mazao yake yote, kikaacha nyuma madaftari ya vikao vyake.

Wanaotetea maghala makubwa wana hoja yenye uzito. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mwaka 2023 GitHub ilitangaza kwamba watumiaji wake wamefikia milioni 100, na mradi uliowekwa hapo huonekana na wasaidizi wengi. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, huweka msimbo wake hapo, nayo imenufaika kwa michango kutoka nchi nyingi. Aidha, ghala dogo laweza kukosa fedha au wataalamu.

Lakini hoja hiyo yahusu mahali pa kuonekana, si mahali pa kuweka amana. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Miradi ya Debian na GNOME huendesha maghala yao wenyewe kwa kutumia programu ya GitLab. Codeberg, iliyo chini ya chama kisicho cha biashara mjini Berlin, Ujerumani, hutumia programu huria iitwayo Forgejo. Mradi mdogo waweza kuweka makao yake mahali pa namna hiyo, na nakala ya kuonekana katika ghala kubwa. Au ukabaki katika ghala kubwa, mradi kumbukumbu zake zote zinakiliwa kwingine kwa ratiba isiyokosa. Kipimo cha kwanza cha ghala, basi, kisiwe wingi wa watu waliomo, bali wepesi wa kutoka na mali yote.

Shule za sekondari zina nafasi njema ya kuanza. Git haihitaji intaneti ili kuweka kumbukumbu za mabadiliko, na Forgejo yaweza kuendeshwa katika kompyuta moja ya kawaida inayohudumia darasa zima. Mwalimu na awape wanafunzi zoezi: wajenge programu ndogo pamoja, waandike hitilafu na maamuzi yao, kisha wahamishe mradi huo kwenye kompyuta nyingine. Watakapohesabu kilichofika na kilichopotea njiani, watajua ni maswali gani ya kumwuliza mwenye ghala kabla ya kumkabidhi kazi ya miaka mingi.