Kabla ya kuivika Datsun sura ya Ferrari, keti upige hesabu

WAZAZI waliozoea kusimama kando ya barabara kutazama mashindano ya Safari Rally wataikumbuka Datsun 240Z. Mwaka wa 1971 ilishinda ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Ilikuwa gari la milango miwili, boneti ndefu, na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 2.4.

Pengine hukujua, mpenzi msomaji, kwamba huko Uingereza na Marekani Datsun hiyo hiyo imefanya kazi nyingine tofauti kabisa. Kuna watu ambao huinunua, wakaibambua bodi yake ya nje, kisha wakaivika bodi ya faibagilasi iliyoundwa kwa mfano wa Ferrari 250 GTO. Huichagua kwa sababu magari haya mawili yanafanana kimaumbile: injini iko mbele, nguvu huenda kwa magurudumu ya nyuma, na dereva huketi nyuma kabisa ya boneti ndefu.

Ferrari yenyewe, ile ya kweli, si ya watu kama mimi na wewe. Kiwanda kiliunda 36 pekee kati ya mwaka wa 1962 na 1964. Mwaka wa 2018 moja iliuzwa mnadani Monterey, California, kwa dola milioni 48.4. Mnamo Novemba 2023 nyingine ikauzwa New York kwa dola milioni 51.7. Basi mtu anayeishi kwa mshahara hujiambia: kama siwezi kupata yenyewe, angaa nipate iliyo na sura yake.

Hakuna ubaya kutamani. Lakini ikiwa una ndugu au mtoto ng'ambo ambaye ameanza kukuletea habari za mradi wa namna hii, na hasa ikiwa anataka ukoo umchangie, msomee hesabu ifuatayo kabla hajatoa hata senti moja.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba bei ya seti ya bodi ndiyo bei ya gari. Tangazo huonyesha picha ya gari jekundu linalong'aa, na chini yake bei. Bei hiyo aghalabu ni ya vipande vya faibagilasi tu. Haihusu gari la kuvikwa, rangi, taa, viti wala kazi ya fundi.

Tuchukue mfano. Tuseme fedha zako zote ni shilingi 100. Kabla ya jambo lolote, toa shilingi 20 uziweke kando kama akiba ya dharura. Zinabaki 80. Zigawe hivi: gari la msingi 20, seti ya bodi 15, injini, breki na springi 20, kuunga bodi, kupiga msasa na kupaka rangi 15, vioo, taa, ringi na viti 6, usajili na bima 4. Viwango vyako vinaweza kuwa tofauti kidogo, lakini tazama jambo moja: ile bodi iliyokuvutia ni chini ya sehemu moja kwa tano ya gharama. Mtu aliye na pesa za bodi peke yake hana mradi. Ana vipande vya faibagilasi vitakavyokaa uani vikinyeshewa.

Sasa tuangalie gari la msingi. Datsun hii haina chesisi ya kusimama peke yake kama lori. Sakafu, kuta na fremu zake zimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Kwa hivyo kutu ikiingia sakafuni au kwenye fremu za chini, imekula uti wa mgongo. Nazo 240Z zinajulikana sana kwa kutu, hasa sakafuni na chini ya kikalio cha betri. Faibagilasi itaficha kutu, haitaiponya. Ukinunua, nenda na fundi, liinueni gari juu, na mgonge kila mahali.

Kisha kuna vipimo. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma katika 240Z ni takriban milimita 2,305. Katika 250 GTO ni milimita 2,400. Hiyo ni tofauti ya karibu sentimita kumi. Ama bodi imebadilishwa ili itoshe Datsun, na sura haitakuwa ile hasa ya Ferrari, ama fundi atakata na kurefusha gari lenyewe, na hapo gharama itapanda na usalama utategemea uhodari wa kuchomelea kwake. Muulize mwenye kuuza bodi swali hilo kabla ya jingine lolote.

Utaratibu wa kazi nao una uzito wake. Anza na mitambo. Tengeneza injini, gia, breki na usukani, halafu liendeshe gari kwa miezi kadhaa likiwa bado na sura yake ya zamani. Kumbuka 240Z ilitoka kiwandani na breki za diski mbele na za ngoma nyuma, na magari mengi ya aina hiyo yamepita miaka hamsini. Likikuridhisha barabarani, ndipo uguse bodi. Anayeanza na bodi huishia na gari zuri lisilosimama linapokanyagwa breki.

Faida nyingine ya utaratibu huu ni kwamba ukiishiwa na fedha katikati, bado una gari linalokwenda. Mradi uliokwama nusu ni vigumu kuuza, kwa maana mnunuzi hajui kilichofanywa wala kilichosazwa. Kwa hivyo hifadhi kila risiti, na upige picha kila hatua.

Tena usilipe pesa zote mara moja. Lipa kwa awamu, kila awamu baada ya kuona kazi. Sababu si udanganyifu peke yake. Watengenezaji wa bodi hizi wamewahi kufikishwa mahakamani na kuzuiwa. Mwaka wa 1991 mahakama ya rufaa huko Marekani iliamua kesi kwa faida ya Ferrari dhidi ya fundi wa Tennessee aliyeunda bodi za mfano wa Daytona na Testarossa. Alijitetea kwamba wateja wake walijua wazi wananunua nakala. Mahakama ikasema watu wengine watakaoliona gari barabarani wanaweza kudanganyika. Mwaka wa 2019 mahakama ya Bologna, Italia, ikasema umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa na sheria. Mwaka uo huo polisi wa Brazil walifunga karakana mjini Itajaí iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini bandia. Karakana ikifungwa leo nawe ulilipa yote jana, utadai kwa nani?

Usajili na bima pia visiachwe mwisho. Uingereza, gari lililokatwa au kubadilishwa sana huenda likatakiwa kupita ukaguzi maalum kabla ya kuruhusiwa barabarani. Kampuni ya bima nayo lazima ielezwe ukweli wote. Ukiiambia ni Datsun ya kawaida, siku ya ajali utabaki na mikono mitupu. Na ile nembo ya farasi anayeruka, iache. Ukiibandika na kuuza gari kama Ferrari ya kweli, hilo si mapenzi ya magari tena bali ni ulaghai.

Limebaki jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Uliza: ni gari gani litakalokufa ili hili lizaliwe?

Zamani 240Z ilikuwa gari kuukuu la bei nafuu na hakuna aliyelia ikikatwa. Januari 2020, 240Z iliyotunzwa vyema iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Si zote zinazofikia bei hiyo, hata kidogo, lakini onyo ni wazi. Leo unaweza kukata Datsun nzima yenye thamani ukapata nakala yenye thamani ndogo kuliko ulichokata.

Hata Ferrari zenyewe zimepatwa na balaa hili. Kulikuwa na 250 GTE, gari la familia lenye viti vinne, lililoundwa kwa mamia hadi mwaka wa 1963. Kwa kuwa lilikuwa na injini ya ukoo ule ule wa V12 ya lita tatu, na bei yake ilikuwa imeshuka, watu walilichukua, wakalifupisha kutoka milimita 2,600 hadi 2,400, wakalivika sura ya GTO. Leo GTE isiyoguswa huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, nayo haziongezeki. Waliokata walidhani wanapandisha gari cheo.

Kwa hivyo kanuni ni hii: usikate gari zima. Tafuta lile ambalo bodi yake ya nje imeharibika lakini mifupa yake ni mizima, ambalo hakuna mtu angelirudisha katika hali yake ya asili. Kama hulipati, ngoja.

Na usidhani mafunzo haya ni ya walio ng'ambo pekee. Kijana anayetaka kubadilisha sura ya gari lake kuukuu katika gereji za Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi anahitaji hesabu ile ile: akiba itoke kwanza, mitambo itangulie bodi, malipo yawe kwa awamu, mabadiliko yafikishwe kwa NTSA na kwa kampuni ya bima. Na kabla ya hayo, karo ya shule iwe imelipwa. Gari linaweza kusubiri chini ya turubai mwaka mzima bila kudhurika. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hawezi.

Tukutane Jumapili ijayo.