Ukuta Unaojisafisha

Katika mtaa wa Tor Tre Teste, pembezoni mwa jiji la Roma, lipo kanisa jeupe la parokia lililokamilika mwaka 2003. Mbunifu wake, Richard Meier, alilipa kuta tatu zilizopinda kama matanga. Saruji yake ilitiwa dioksidi ya titaniamu, unga mweupe ambao, ukipigwa na jua, huvunjavunja masizi na uchafu hata mvua ikauosha. Kwa nguvu hiyohiyo ya jua, ukuta wa namna hii huzigeuza oksidi za nitrojeni, zitokazo katika moshi wa magari, kuwa nitrati.

Hatuna neno dhidi ya uzuri huo. Wakazi wa maghorofa ya pembezoni nao wanastahili nyumba ya ibada isiyochakaa upesi. Kinachotutia shaka ni sifa ya pili, ile ya kusafisha hewa. Ukuta husafisha kile tu kinachougusa. Mtoto auzaye karanga kando ya barabara huvuta moshi kabla haujafika ukutani. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa hewa la serikali ya Uingereza lilisema kwamba ushahidi wa kupungua kwa uchafu katika hewa ya mijini kwa njia hii ni haba. Tena saruji yenyewe, kwa kuchomwa kwa chokaa na makaa, hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani. Tunafuta vumbi kwa mkono mmoja na kulimwaga kwa mwingine.

Na unga huo hauanguki kutoka mbinguni. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini ya titaniamu ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024. Kuta za Roma zilitangulia uchimbaji huo kwa miaka kumi, wala hatuwabebeshi wajenzi wake mzigo usio wao. Hata hivyo, wakulima wa Maumba na Nguluku waliiacha minazi na mikorosho yao ili madini ya aina hiyo yapate kusafirishwa ng'ambo.

Basi siku wakuu wa mji wowote wetu watakapotuletea michoro ya ukuta wa namna hii, tutawauliza kwanza ni magari mangapi ya moshi watakayoyaondoa barabarani, na ni nani aliyehamishwa shambani kwake ili unga huo upatikane.