Ulanzi wa Njombe na bia ya chupa: fedha inabaki wapi?

MAKAMBAKO si mji wa kulala. Hapa ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, hapa reli ya TAZARA ina stesheni yake, na hapa malori yaendayo Zambia na Kongo husimama dereva apate chakula. Kwa mwandishi wa habari za masoko ni mahali pa kuona bidhaa mbili zinazoshindana bila yeyote kutangaza kwamba kuna mashindano. Upande mmoja wa barabara lori linashusha kreti za bia. Upande wa pili mama amekaa nyuma ya ndoo tatu zenye kinywaji cheupe chenye povu. Ni ulanzi.

Nilimsalimu "kamwene, mama", akaitikia, kisha akanitazama viatu. "Mwanangu, wewe ni wa chupa," alisema. "Wa ulanzi hawaji na daftari."

Alikuwa na haki ya kushuku. Kwa kawaida mwenye daftari akifika kilabuni amekuja kwa ajili ya kibali, usafi au ushuru. Nilipomweleza kwamba nataka kujua biashara inakwendaje alicheka, akanijazia jagi la lita moja, na mazungumzo yakaanza.

Tuanze na ile ya kreti, kwa kuwa historia yake inafahamika. Kampuni ya bia nchini ilianzishwa mwaka 1933. Ikataifishwa mwaka 1967, na wasomaji wa umri wa wazazi wangu hawajasahau miaka ambayo bia ilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1993 Serikali iliuza nusu ya hisa za TBL kwa South African Breweries, na mwaka 1998 TBL ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ushindani ulikuwa mkali. Kampuni ya Kenya, EABL, ilijenga kiwanda cha Kibo mjini Moshi, lakini mwaka 2002 wakubwa hao walipatana: Kibo ikafungwa, na kiwanda cha Waafrika Kusini kilichokuwa Thika nacho kikafungwa. Mwaka 2010 EABL ilirudi kwa mlango mwingine, ikanunua asilimia 51 ya Serengeti. Kisha mwaka 2016 SABMiller yenyewe ilimezwa na AB InBev kwa zaidi ya dola bilioni 100. Ndiyo kusema chupa ya Safari au Kilimanjaro inayofunguliwa Makambako ina mwenye hisa nyingi anayekaa mbali sana na Makambako.

Sisemi kwamba hilo ni baya kwa lenyewe. Kiwanda kikubwa kinajua kazi yake. TBL ina kiwanda Mbeya, kama kilomita 170 kutoka hapa. Chupa tupu hurudi, ladha ya Januari ndiyo ladha ya Agosti, na Hazina inapata chake bila kumfukuza mtu. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali ilipendekeza ushuru wa bidhaa kwa bia itokanayo na shayiri iliyolimwa na kusindikwa nchini ushuke kutoka Sh 765 hadi Sh 620 kwa lita. Kwa chupa ya nusu lita hiyo ni Sh 310, kabla ya VAT ya asilimia 18. Hakuna kilabu cha ulanzi kinachoweza kuonyesha mchango wa aina hiyo, na mtetezi wa ulanzi anayeficha jambo hili hajasaidia hoja yake.

Sasa ndoo. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga. Mvua zikianza machipukizi huota, mgema hukata ncha, hutega mbeta, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi, na kila siku hurudi asubuhi na jioni kukwangua upya mahali palipokatwa ili utomvu usizibe. Haupikwi. Hauwekewi hamira, sukari wala kimea. Chachu iliyomo hewani na ndani ya mbeta hufanya kazi yenyewe. Wa siku ile ni mtamu, nao huitwa togwa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mkangafu hautaki mzaha. Mtaalamu atabisha kwamba hii si bia kwa sababu hakuna nafaka. Ni kweli, na anayetaka nafaka katika mkoa huu ananywa komoni ya mahindi na ulezi. Lakini mnywaji wa Makambako hachagui kwa kamusi. Mfukoni ana fedha moja, na inakwenda kwenye chupa au kwenye jagi.

Bei ndiyo inayoamua. Bia ya nusu lita siku hizi huwezi kuipata chini ya Sh 1,500, na baa nyingi zinazidi hapo. Lita nzima ya ulanzi kwa kawaida ni chini ya bei ya chupa hiyo moja. Hata hivyo katika lita ile hakuna hopsi iliyoagizwa kutoka nje, hakuna dizeli ya kuchemshia, hakuna tangazo la televisheni wala gawio. Karibu yote inagawanywa kati ya mgema, mwenye baiskeli au bodaboda aliyeleta dumu, na mama wa ndoo. Fedha hiyo inalala Njombe, na asubuhi inanunua mbolea Njombe.

Hapa ndipo nataka msomaji tuangalie nje kidogo.

Ubelgiji, karibu na jiji la Brussels, kuna bia iitwayo lambic. Mtengenezaji akishachemsha nafaka yake huiacha usiku kucha katika chombo cha wazi, chachu ya hewani iingie yenyewe. Hufanyika miezi ya baridi tu. Joto likiingia kazi inasimama. Bia ya msimu, bila hamira ya dukani, yenye uchachu unaomshangaza mgeni: msomaji wa Njombe atasema anaijua. Tofauti ni kwamba mwaka 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu, na chupa ya lambic huuzwa kwa bei ya juu. Huku kwetu kinywaji cha namna hiyo kinaitwa "pombe ya kienyeji" na mtu huinama anapokitaja.

Marekani nako. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ile kubwa ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, vyote vikitoa karibu ladha moja. Oktoba 1978 Rais Carter alitia saini sheria iliyoruhusu mtu kutengeneza bia nyumbani kwake. Leo viwanda vinazidi 9,000, vingi vikiwa vidogo vya mtaani. Wasiosema yote watakuachia hapo. Mimi naongeza kwamba hao wadogo wote kwa pamoja wanauza kama lita 13 katika kila 100 tu, kwamba mwaka 2024 vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa, na kwamba Anchor ya San Francisco, iliyoanza mwaka 1896 na ambayo wengi huiita mama wa harakati hizi, ilifungwa mwaka 2023 ikiwa mikononi mwa kampuni kubwa ya Japani. Udogo peke yake haumlindi mtu.

Kinachoweza kumlinda ni kanuni. Uingereza ilianza mwaka 2002 kumtoza mdogo ushuru mdogo: anayetoa hadi hektolita 5,000 kwa mwaka, yaani lita 500,000, alilipa nusu ya kiwango. Mwaka 2023 nafuu kwa wadogo ilitanuliwa hadi vinywaji vingine vyenye kileo chini ya asilimia 8.5. Kwetu nafuu ya ushuru hutazama zaidi malighafi kuliko ukubwa wa mtengenezaji, na hivyo huwafikia wakubwa. Uganda ilifanya hivyo kwa bia ya mtama ya Eagle mwaka 2002, na Kenya kwa Senator mwaka 2004. Wakulima wa mtama walifaidika, sikatai. Lakini mwaka 2013 Kenya iliporudisha nusu ya ushuru kwa Senator, mauzo yaliporomoka, na wakulima wale wale wakabaki na magunia. Anayelimia mnunuzi mmoja hana soko, ana bosi.

Viwanda vidogo vya bia vimejitokeza pia katika Afrika Mashariki: 254 Nairobi, Banange Kampala, Crafty Dee's Dar es Salaam. Ni juhudi za kupongezwa, ila wateja wao ni wa mjini na wenye kipato, na kimea na hopsi za bia hizo kwa sehemu kubwa husafiri kuliko wanywaji wenyewe. Mfano wa karibu zaidi naona ni Arusha, ambako Banana Investments ilichukua pombe ya ndizi, kitu cha kilabuni kabisa, ikaiweka katika chupa yenye lebo na kuipeleka dukani kama mvinyo wa Raha.

Basi kwa nini ulanzi haujafika huko? Jibu nalijua kwa gharama. Mwaka mmoja nilinunua dumu la lita tano Njombe nikitaka kuwaonjesha wenzangu ofisini Dar es Salaam. Nilifunga kifuniko barabara, kama msomi. Basi liliteremka Kitonga salama, lakini tulipofika Ruaha Mbuyuni, ambako abiria hushuka kununua vitunguu na joto ni la kuoka mkate, dumu lilipasuka juu ya begi la shemeji mmoja aliyekuwa amevaa suti kwa ajili ya harusi. Nililipia udobi. Muuzaji alikuwa ameniambia nilegeze kifuniko. Nilidhani ananionea ushamba.

Ulanzi hauachi kuchacha kwa sababu umeuzwa. Usipopozwa au kupashwa moto kwa kipimo, siku ya tatu ni kitu kingine. Kwa hiyo soko lake linaishia pale dumu linapoweza kufika kwa siku moja. Msimu ukichanganya kila mtu ana ulanzi, bei inaanguka na mwingine unamwagwa. Ukiisha, mama wa ndoo hana bidhaa mpaka mvua zijazo. Kuna na jambo zito zaidi: msimu wa mvua ni msimu wa jembe, na wapo wanaokesha kilabuni shamba likiota magugu. Vilevile wapo wauzaji wanaoongeza maji na sukari, na maji yenyewe hayajulikani yametoka wapi. Malalamiko ya maofisa wa afya si ya kubuni.

Lakini dawa ya hayo si kumfukuza mama barabarani kila anapotembelewa na mgeni wa wilaya. Njombe imejifunza biashara ya ubaridi kwa ajili ya parachichi. Tunda linalooza limeweza kufika Ulaya kwa sababu watu walijenga vyumba vya baridi na kukubaliana vipimo. Kikundi cha wagema thelathini wenye tangi moja la kupozea Makambako, karibu na reli na lami, wakipimiwa na kupewa alama ya TBS kwa ada inayolingana na ukubwa wao, wangeweza kufikisha ulanzi Iringa na Mbeya ukiwa bado togwa. Benki itauliza dhamana. Mwanzi hukatwa na kuota tena miaka mingi, ila sijaona afisa mikopo anayekubali kichaka cha mianzi kama dhamana, na hilo nalo lingefaa kuulizwa kwa wanaotunga masharti.

Nilimweleza mama hesabu hii, nikiwa na lita yangu nusu. Alisikiliza, akafunika ndoo moja iliyokwisha.

"Hilo tangi," aliuliza, "litakuwa la nani?"

Nilimwambia la kikundi. Akasema vikundi anavifahamu, na akaniuliza kama karatasi ya umiliki ingeandikwa majina yote thelathini au la mwenyekiti tu. Sikuwa na jibu. Aliniambia nikilipata nirudi kabla ya Aprili, wakati bado kuna cha kuuza.