Barua ya Hospitali Isilale Sandukuni



Makarani wa Chato, ambao kazi yao ni kusoma barua za watu, wengi wao wakiletewa barua ya hospitali kwa ajili ya wake zao huitia sandukuni na kungoja mwisho wa mwezi. Saratani haingoji mshahara.

Ile ya mlango wa kizazi ndiyo iwapatayo wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, nayo hukawia miaka mingi kabla haijawa ugonjwa kamili. Kuitafuta si kazi kubwa: muuguzi hupaka siki nyepesi mahali pale, hungoja dakika moja, kisha hutazama kwa taa. Palipogeuka kuwa peupe pana shaka, na pengine hutibiwa siku ile ile. Tangu mwaka 2018 wasichana huchanjwa kuzuia kirusi kiletacho ugonjwa huo.

Twaulizwa mara kwa mara: je, kukatwa kinyama cha kupimwa huamsha ugonjwa? La. Aliyekufa baada ya kukatwa mara nyingi alikuwa amekwisha chelewa. Je, saratani huambukiza? La, ila kirusi chenyewe hupitia kwetu sisi waume, jambo tusilopenda kulisema barazani.

Tiba ya mionzi ipo Bugando, Mwanza, na tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi limetuondolea udhuru wa kungoja kivuko. Uliosalia ni ruhusa. Twaona yafaa chama kidai kwamba mtumishi amsindikizaye mkewe apewe siku zake pasipo kukatwa mshahara, na neno hili lipelekwe kwa wakubwa kabla ya mkutano ujao.