Jina Linalotuhadaa

Kazi yangu ni kufundisha isimu, wala si tiba. Hata hivyo, kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake linatuhadaa sisi wakazi wa Thika na Ruiru, nao ni homa ya Bonde la Ufa.

Uliitwa hivyo kwa kuwa virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza mnamo 1930, katika kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Tangu hapo, mfugaji wa huku kwetu asikiapo jina hilo hudhani ni balaa la Naivasha au Garissa. La hasha! Kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985 ulionyesha kwamba virusi hivyo vilipatikana katika mbu waliokuzwa kutokana na viluwiluwi vya shamba la Sukari, karibu na Ruiru. Yaani mbu jike huyarithisha mayai yake virusi, nayo hukaa katika udongo mkavu yakingoja mafuriko. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, zaidi ya watu 150 walifariki nchini.

Hebu tulinganishe na chikungunya. Neno hilo la Kimakonde, lililoenea baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, hueleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Alisikiaye hujua atazame nini. Jina la homa yetu, kinyume chake, halimwambii mchinjaji kwamba binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Wala halimwambii mfugaji kwamba kondoo wengi wakiharibu mimba kwa pamoja, amwite daktari wa mifugo asiwaguse kwa mikono mitupu.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, Kaunti ya Kiambu ichanje mifugo kabla ya masika, kwani mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi yaweza kuvieneza virusi. Pili, matangazo yatolewe kwa Kiswahili na Gikuyu, sokoni na machinjioni, yakitaja dalili na kinga badala ya jina tupu.

Jina hatuwezi kulibadili leo, lakini maelezo tunaweza kuyatoa. Tusipoziba ufa huu, tutajenga ukuta.