Zeze la Haneti Lifike Salama Unguja

Atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huona milangoni mwa maduka vinyago, picha, vikapu na ngoma, na nyingi ya kazi hizo zimevuka bahari kutoka Bara. Biashara hiyo ni riziki ya watu wa pande zote mbili. Leo hatuna haja na duka wala mteja. Tunataka kuizungumzia njia yenyewe: kazi ya mkono itokayo kwa fundi wa kijijini hufikaje dukani ikiwa nzima, kwa wakati wake, na kwa gharama isiyoimeza faida yote?

Tumechagua kutazama mfano wa Haneti, kata ya Wilaya ya Chamwino iliyo kaskazini ya mji wa Dodoma. Nje ya mkoa jina hilo hujulikana zaidi kwa mawe yake ya kijani ya vito. Lakini Ugogo ni nchi ya zeze na marimba, na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizifikisha sauti za ala hizo katika mataifa ya mbali. Tumbo la zeze la Kigogo ni kibuyu. Marimba, ambayo Wagogo wenyewe huiita ilimba, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vya kupigwa kwa vidole, na katika matundu yake hubandikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Msomaji atuwie radhi kwa kuingia katika ufundi huo, ila shauri letu zima limo humo. Kibuyu hupasuka, na utando wa buibui haungoji kuangushwa. Fundi wa namna hii hawezi kusafirisha kazi yake kama gunia la mtama.

Sasa tuufuate mzigo. Kutoka Haneti unapanda gari hadi Dodoma mjini. Ukifika stendi kuu ya Nzuguni unapakiwa katika basi la Dar es Salaam, nao unashushwa Mbezi, mahali ambapo stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia mwaka 2021. Kutoka Mbezi hadi gati la boti za Zanzibar ni mwendo wa kuuvuka mji mzima, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na kijana wa bodaboda ambaye fundi hamjui wala hatamwona maishani. Ndipo boti, ndipo bandari ya Malindi, ndipo mwenye duka. Tukihesabu vizuri, mzigo umepita mikono isiyopungua mitano. Kila mkono ulilipwa chake, na pengine hakuna hata mmoja uliotoa karatasi.

Sisi wenyewe tumekwisha kuyaonja hayo. Tulipata kumpelekea jamaa yetu wa Unguja marimba mbili kwa njia ya basi. Tulimkabidhi utingo boksi pamoja na ujira wake, naye akaandika namba ya simu ya mpokeaji juu ya boksi kwa kalamu ya wino. Mvua ilinyesha njiani, namba ikafutika. Tulipouliza, dereva alituelekeza kwa utingo, na utingo alikuwa amekwisha kuhamia gari jingine. Hatukuwa na kithibitisho chochote mkononi isipokuwa kumbukumbu ya sura yake. Baada ya siku tisa marimba moja ilipatikana, imevunjika. Ya pili hatukuiona tena.

Hapo ndipo ilipotubainikia kwamba wengi wetu tunapiga hesabu ya nauli kwa makosa. Tuseme fundi anapeleka mazeze kumi ya shilingi 30,000 kila moja, yaani mzigo wa shilingi 300,000. Msafirishaji wa kwanza anadai shilingi 10,000, hatoi risiti wala hajibu hasara. Wa pili anadai 25,000, anatoa risiti yenye namba na anakubali kwa maandishi kulipa kinachopotea. Fundi huona amepata nafuu ya 15,000 kwa yule wa kwanza. Lakini ikiwa katika mizigo kumi ya namna hiyo mmoja tu hupotea, hasara yake ikigawanywa kwa safari zote kumi ni shilingi 30,000 kwa kila safari. Nauli ya kweli ya yule wa rahisi basi si 10,000, ni 40,000. Hesabu hiyo haihitaji shahada, nasi tungependa maofisa maendeleo ya jamii waifanye pamoja na vikundi vya mafundi vijijini, kwa chaki ubaoni, kabla ya kuwahubiria mikopo.

Hatusemi kwamba basi ni baya. Basi hufika ambako wengine hawafiki, tena hufika upesi, na yapo makampuni yenye dirisha la vifurushi, daftari na risiti. Tunalosema ni kwamba aliyepokea mzigo wa mtu kwa malipo amepokea amana. Hata sisi tuliosomea chuoni mikekani kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba amana huandikwa, hushuhudiwa, na hurudishwa kwa mwenyewe. Fundi aulize mambo machache kabla ya kutoa fedha: nani atajibu mzigo ukipotea, atajibu kiasi gani, na je, risiti moja itafuata mzigo mpaka Malindi au itaishia Mbezi? Akikosa jibu, nauli nafuu isimvutie. Naye afanye wajibu wake: kila kibuyu kifungwe peke yake kwa matambara au majani makavu, na namba ya mpokeaji iandikwe nje na ndani ya boksi.

Kwa upande wa Serikali yapo ya kusema, na tunayasema kwa heshima. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamtaka afanyaye biashara ya kusafirisha vifurushi awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Basi lenyewe na nauli ya abiria viko chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Gari ni moja, mamlaka ni mbili, na kifurushi cha fundi kimelala katikati yao chini ya kiti. Tunaziomba mamlaka hizo zikague pamoja katika stendi za mikoa, na zihakikishe kuwa risiti ya kifurushi inatolewa kama inavyotolewa tiketi ya abiria.

Shirika la Posta nalo, ambalo limejitegemea tangu lilipotenganishwa na huduma za simu mwaka 1994, lina jambo ambalo msafirishaji wa kawaida hana: kaunta Dodoma na kaunta Unguja chini ya jina moja, yaani mwenye kujibu ni mmoja mwanzo hadi mwisho wa safari. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, Taifa zima lilifanya Operesheni ya Anwani za Makazi, na kata zina postikodi zao. Vibao vya barabara vilisimikwa hadi vijijini. Ikiwa anwani imekwisha kufika Haneti, wakala wa vifurushi naye afike, hata kama ni mwenye duka aliyepewa mizani na kitabu cha risiti. Aidha, reli mpya inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu Julai 2024, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko karibu zaidi na gati la boti kuliko Mbezi. Shirika la Reli na Shirika la Posta wakae meza moja, wakubaliane juu ya behewa la vifurushi na bei ambayo fundi mdogo ataimudu.

Wenzetu wa Visiwani wasidhani kwamba hii ni shida ya Wagogo peke yao. Mama wa Wete au Micheweni asukaye mkeka wa ukili, akitaka kuuuza Dodoma ambako Serikali imehamia pamoja na watumishi wake, atapanda ngazi hiyo hiyo kwa kinyume, tena yeye ana bahari mbili za kuvuka, ya Pemba na Unguja na ya Unguja na Bara. Mkeka haupasuki, lakini hulowa.

Kila mwezi Februari Unguja hujaa wageni wa tamasha la Sauti za Busara, watu wapendao ala za asili na wenye fedha za kuzinunulia. Zeze litakalofika Machi litakaa dukani hadi msimu mwingine, na fundi wa Haneti hatalipwa mpaka liuzwe. Wahusika wanao muda wa kutosha wa kulishughulikia jambo hili kabla ya Februari ijayo.