Pikipiki ya Marehemu Baba



Tulipozungumza katika safu hii juu ya mirathi ya nyumba na mashamba, baadhi yenu mlituuliza swali ambalo hatukulijibu: na vitu vidogo je? Cherehani, saa ya ukutani, masanduku ya kale, vyombo vya kazi vya marehemu, hivi navyo hugawanywa, au huchukuliwa na aliye karibu navyo? Leo tutajibu kwa kisa cha nyumbani kwetu wenyewe, ambacho tumeruhusiwa na wote wanaohusika kukisimulia. Kitu chenyewe ni pikipiki.

Marehemu baba yetu alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akahamia Nairobi mwaka 1974 kwa kazi ya ukarani. Aliishi Riruta, magharibi mwa jiji, tangu siku ambazo huko kulikuwa na mashamba ya mahindi mengi kuliko nyumba. Mwaka 1981 alinunua Honda CG125, nyekundu, ikiwa mpya. Kila asubuhi aliipitisha Kawangware, akafuata Barabara ya Gitanga hadi Lavington, kisha akateremka Valley Road mpaka katikati ya jiji. Siku za Ijumaa aliiegesha karibu na Soko la Jiji, kwenye Mtaa wa Muindi Mbingu, akatembea hatua chache hadi Msikiti wa Jamia. Sisi mabinti wawili na kaka yetu tulijua saa ya kurudi kwake kwa mlio wa injini kabla ya kumwona mtu.

Mama naye aliipanda. Jambo hili huwashangaza wajukuu zake, wanaodhani bibi yao alizaliwa akiwa na fimbo mkononi. Alikaa nyuma, upande mmoja, buibui ameukusanya mapajani, akaenda sokoni, hospitali, na kwenye swala ya Idi. Alikubali kwa sababu moja, na ameirudia mara nyingi: mnyororo wa pikipiki ile umefunikwa wote, mbele hadi nyuma, ndani ya kasha la bati. Baba alimwonyesha dukani, kabla hajatoa fedha, kwamba nguo haiwezi kushikwa. Wanaopanda bodaboda leo wakiwa na buibui, na mnyororo uko wazi chini yao, wataelewa kwa nini mwanamke alilitazama kasha kabla ya kuitazama rangi.

Mwaka 1998 macho ya Baba yalipunguza nguvu, akaiingiza pikipiki katika chumba cha gari kilicho ubavuni mwa nyumba, chumba ambacho hakijawahi kulala gari, akaifunika kwa turubai. Hakuiuza. Alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama akakaa eda ya miezi minne na siku kumi. Deni dogo la dukani tulililipa, wasia hakuacha. Nyumba ilizungumzwa, akiba ya benki ikazungumzwa. Turubai halikufunuliwa na hakuna aliyelitaja.

Kaka yetu alilifunua mwaka jana. Hakumwuliza mtu. Alisema baadaye kwamba halikumjia hata wazo la kuuliza, na sisi tunamwamini, maana hapo ndipo penye shina la kisa hiki: mtoto wa kiume alikiona chombo cha baba yake, akaona ni chake.

Hatuna budi kumpa haki yake katika kazi aliyoifanya. Injini ilikuwa imeshikana kwa kutu. Hakuikanyaga kwa nguvu kama ambavyo wengi wangefanya, wakavunja jino la gia. Alifungua plagi, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili kupitia tundu lake, akaiacha siku sita. Kisha akaweka gia ya juu kabisa, akawa analisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, hadi pistoni ikaachia. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Alilijaza siki na konzi ya nati, akalitikisa kwa siku tatu. Siki ile ilikuwa ya Mama ya kutengenezea achari, lita tano nzima, na hiyo ndiyo siku Mama alipokwenda kwenye chumba cha gari kuangalia kinachoendelea.

Spea alizitafuta Kirinyaga Road, barabara ambayo wenyeji wa jiji wangali wakiiita Grogan. Huko alipata neema ambayo hakuitarajia. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakiwakusudia watu wa nchi ambazo oili hubadilishwa mtu akikumbuka, na barabara ni vumbi. Kwa hiyo vali zake husukumwa kwa fito za chuma badala ya mnyororo wa ndani unaolegea na kutaka kukazwa. Injini hiyo ilikuwa imara kiasi kwamba viwanda vya China viliiga, na serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, nakala zake ziliingia Kenya kwa maelfu na kuwa bodaboda. Basi pistoni ya milimita 56.5, ringi, gasketi na sili, vyote vipo madukani. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikapanuliwa nusu milimita na fundi wa mashine, ikatiwa pistoni kubwa kidogo. Kilichomsumbua ni umeme. Pikipiki za miaka ile zilitumia volti 6, na balbu zake alizipata baada ya kuuliza duka moja baada ya jingine kwa Jumamosi nne.

Mwezi wa sita injini ikawaka. Mmoja wetu, anayeishi Mombasa, alisikilizishwa kwa simu, na hatuoni haya kusema kwamba tulilia sote, huku na huko. Ulikuwa mlio uleule.

Yaliyofuata hayakuwa na machozi. Kaka alikuwa na rafiki anayependa magari ya kale. Alimweleza habari za Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa vizuri ambayo yalianza mwaka 1970 na hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong. Waamuzi huko hukagua injini, usafi, hata uvungu. Mama aliposikia neno farasi aliuliza kama marehemu ameachiwa pikipiki yake iende kwenye kamari. Alielezwa kwamba siku hiyo hutazamwa magari, si farasi. Akanyamaza, ila si kwa kuridhika. Na rafiki yule alipoiona pikipiki akatamka bei: shilingi 96,000, taslimu, wakati wowote.

Kaka alitusimulia ofa hiyo kwa furaha, mezani, siku ya Jumapili. Akasema hataki kuuza, lakini akiuza ataweka dirisha jipya la jikoni la Mama. Alisema kama mtu anayetoa zawadi katika mali yake. Mama akaacha kula, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, baba yako hakukuachia pikipiki. Ametuachia."

Tungependa kusema kwamba sisi mabinti tulimwunga mkono Mama papo hapo. Hatukufanya hivyo. Tuliinamisha vichwa. Mmoja wetu alisema kwa haraka, "Mwache tu, Mama, sisi tuna haja gani na pikipiki?" Na neno hilo lingemaliza mambo, kama linavyoyamaliza katika nyumba nyingi tunazozijua. Binti huulizwa mbele ya watu kama anataka haki yake katika kitanda cha baba yake, naye husema hataki, kwa sababu kusema anataka ni kuonekana mchoyo. Usiku hulala akijua kwamba alitaka.

Mama alitutuma kwa shehe mmoja tunayemwamini, tukamwuliza kwa faragha. Alitukumbusha kwanza Suratun Nisaa, aya ya 7, inayowapa wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kikiwa kidogo au kikiwa kingi. Neno kidogo limetajwa humo waziwazi, akasema, na watu hulipita mbio. Kisha akatuuliza: yule aliyesema "mwache tu", aliridhia au aliona haya? Hatukujibu. Akatueleza kwamba wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamekihesabu kinachochukuliwa kwa upanga wa haya kuwa sawa na kinachochukuliwa kwa nguvu. Maneno hayo tulikuwa hatujawahi kuyasikia, ingawa tumelelewa katika madhehebu hayo tangu utotoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na tunaiweka hapa kwa faida ya wale mliotuuliza. Wazazi wa Baba walitangulia zamani. Warithi ni mke mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili. Mke ana thumni. Saba kwa nane inayobaki hugawanywa kwa watoto, mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Ukikata pikipiki katika vipande 32, Mama ana vinne, kaka 14, na kila mmoja wetu saba. Kaka peke yake, basi, hamiliki hata nusu ya pikipiki aliyokuwa akitaka kuipeleka Ngong Road.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Ni pikipiki ipi tunayoigawanya? Ile ya chini ya turubai, ambayo fundi wa mtaani aliikadiria shilingi 32,000, au hii inayong'aa, ya 96,000? Kaka alikuwa ametumia shilingi 48,000 na miezi tisa ya jioni zake. Shehe alisema kwamba anayetumia fedha katika mali ya shirika bila idhini ya washirika wake hana dai juu yao, ila wakiridhia wenyewe, kwani huhesabiwa amejitolea. Akaongeza kwamba sulhu ni bora, na kwamba ridhaa ya safari hii isemwe baada ya kila mtu kujua hesabu yake. Aliyetaka hukumu badala ya sulhu angekwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa uwezo wa kuamua mirathi ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Sisi hatukufika huko. Hata hivyo tuliona kwamba kujua mlango upo kulibadilisha namna tulivyozungumza mezani.

Tuliketi tena, sote wanne, yule wa Mombasa akiwa kwenye simu. Kaka aliletewa karatasi ya mafungu. Aliisoma kwa muda mrefu, akasema jambo ambalo tunamheshimu kwalo: kwamba amekuwa akiishi na kosa hili tangu 2021 bila kulijua, na tungemwambia mapema. Hilo la mwisho ni kweli. Nasi tukakubali, kwa ulimi na kwa moyo, kwamba gharama zake zitolewe kwanza, kwa sababu bila yeye tungegawana kutu. Zikabaki shilingi 48,000. Za Mama 6,000, za kila binti 10,500, na 21,000 ni zake. Akachagua kuinunua, yaani atulipe sisi watatu shilingi 27,000, kisha pikipiki iwe yake na aipeleke anakotaka.

Alijaribu kumbembeleza Mama amsamehe fungu lake. Mama alicheka. "Nitie mkononi kwanza," alisema. "Zikishakuwa zangu nitajua nimpe nani." Alipewa noti sita za elfu moja, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso. Hajatuambia amempa nani.

Kisha akaenda kwenye chumba cha gari, akaizunguka pikipiki, akauliza kasha la mnyororo liko wapi. Kaka alikuwa amelivua, akasema mnyororo ukiwa wazi unapendeza zaidi, na kasha lenyewe lilikuwa limeoza chini. Mama alimtazama tu. Jumamosi iliyofuata kaka alirudi Kirinyaga Road, akakosa, akamtafuta fundi wa jua kali Kawangware aliyelikata lile la zamani na kuliunga kwa bati jipya. Limepakwa rangi nyeusi. Mshono wa kuchomea unaonekana ukiinama, na tunaambiwa waamuzi wa mashindano huinama. Kaka amesema watautazama.

Usajili bado uko katika jina la marehemu, na karatasi za kuubadilisha zimo mbioni. Kwa hiyo mwaka huu pikipiki haikwenda popote isipokuwa mbele na nyuma uani, asubuhi za Jumapili, na Mama hufungua dirisha la jikoni, lile la zamani, wakati huo. Fedha za Mama zimekwisha lipwa. Sisi kila mmoja amepokea shilingi 7,000 kwa M-Pesa. Zimebaki 3,500 kwa kila mmoja, na kaka, ambaye huisoma safu hii, anajua kwamba tunazingoja.